Kiti Katikati ya Spika Mbili

Chumba cha Telesphori pale Kambarage kilikuwa na kiti kimoja. Si kwamba alikosa cha pili. Nyuma ya mlango viti vya plastiki vilipandana mpaka karibu na dari, vile alivyowakodishia watu wa misiba na sherehe. Lakini kiti cha kukalia kilikuwa kimoja, cha mbao, na hakikuhama mahali pake: katikati ya spika mbili ndefu, moja imeegemea ukuta wa kushoto, nyingine ukuta wa kulia. Mgeni akiingia alikaribishwa akae kitandani.

Mjini Shinyanga walimfahamu kama mwenye muziki. Ndivyo wanavyoitwa huku watu wanaozunguka na spika, miksa na jenereta. Ukiwa na harusi, kipaimara, au unafungua duka la pembejeo na unataka watu wajue, unakodi muziki. Naye Telesphori anakuja nao juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ameketi nyuma pamoja na vyombo, mkono juu ya spika kama mchungaji aliyemshika ng'ombe asiruke. Alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kubeba, sauti yake nzito lakini haitoki mara kwa mara. Wenzake wa kazi hiyo hushika maiki wakapiga kelele mpaka jasho linawatoka. Yeye aliweka wimbo, akanyamaza.

Kingine kilichomtangaza ni ubishi wake wa stirio.

Muziki ukiupiga kwa stirio, spika ya kushoto inasema yake na ya kulia inasema yake: gitaa huku, kinanda kule, mwimbaji mmoja huku, mwenzake kule, masikio ya msikilizaji ndiyo yanayowakutanisha. Ukiupiga kwa mono, vyote vinachanganywa kwanza, kisha spika zote mbili zinasema jambo lile lile. Wenye muziki wa Shinyanga na Geita karibu wote wanapiga mono, na wana haki yao. Uwanjani watu hawakai katikati. Kila mtu anajisogeza chini ya spika iliyo karibu, na aliye chini ya spika moja hana habari na nyingine. Machimboni ndiyo usiseme. Karasha zinasaga mawe mchana kutwa, wachimbaji wanatoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, vumbi limewajaa masikioni, wanachotaka ni besi iwagonge kifua. Nani atauliza gitaa limetokea upande gani?

Telesphori hakukubali. Miksa yake ilikuwa na kitufe kidogo cha kuunganisha pande mbili ziwe moja, na juu ya kitufe hicho alibandika plasta, hii ya kufungia kidonda. Ilikaa pale miaka mpaka ikawa nyeusi.

"Wewe mzee," rafiki yake Stanslaus alizoea kumtania, "hebu niambie. Kwenye harusi, ndugu wa bwana harusi wanakaa wapi?"

"Upande mmoja."

"Wa bibi harusi?"

"Upande wa pili."

"Na katikati panakaa nini?"

Telesphori aliinama akakunja waya.

"Katikati panakaa ndafu!" Stanslaus akacheka akijipiga paja. "Mbuzi wa kuchoma na majani yake mdomoni! Basi huyo ndiye anayeisikia stirio yako. Unampigia mbuzi, tena ameshakufa."

Stanslaus naye alikuwa mwenye muziki, na zamani mpiga gitaa. Walitoka wote Ushirombo, waliimba kwaya moja parokiani, na kama kuna mtu aliyeweza kumtania Telesphori ni yeye. Wengine walidhani ubishi ule ni maringo ya ufundi. Stanslaus alijua si maringo, ila hakuligusa. Kuna vidonda ambavyo rafiki mwema huvizunguka kwa mzaha, akijua ukomo wake.

Alasiri ambazo hakuwa na kazi, Telesphori alifunga mlango, akaketi kwenye kiti chake na kupiga wimbo mmoja. Haukuwa mrefu. Ukiisha, aliurudia.

Waimbaji walikuwa yeye na marehemu mkewe, Epifania. Waliurekodi Ushirombo, katika chumba cha parokia kilichokuwa kikitunza magunia ya mahindi, mwaka ambao binti yao Evelina alikuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Fundi aliyewarekodi alitoka Kahama na deki ya kaseti na maiki mbili. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Alichoogopa ni sauti ya Telesphori, maana ilikuwa sauti ya fahali, na ingeingia mpaka kwenye maiki ya mkewe. Akaazima godoro kwa katekista, akalisimamisha wima katikati ya chumba. Mume akakaa huku na maiki yake, mke kule karibu na dirisha na yake. Stanslaus na gitaa lake aliwekwa mwishoni mwa godoro, pale ambapo aliwaona wote wawili. Wao wenyewe hawakuonana.

Ulikuwa wimbo wa kuitikiana, walioutunga jikoni wakipika. Mume anauliza, mke anajibu.

"Njia hii ni ndefu, mwenzangu."

"Ndefu, lakini tuko wawili."

"Na mvua ikikatika?"

"Maji yapo kisimani."

Ubeti wa mwisho waliuimba kwa pamoja, nao ulikuwa wa mtoto: "Nawe Evelina, siku yako ikifika, usigeuke nyuma, sisi tupo."

Epifania alikuwa tayari anaumwa kifua. Wimbo ulipokwisha, Telesphori alisema kutoka upande wake wa godoro, "Turudie?" Na mkewe akajibu kutoka upande wa pili, "Imetosha." Akadhani ana maana kwamba umetoka vizuri. Siku ile alifurahi, akabeba godoro mwenyewe kumrudishia katekista.

Ni mpaka walipoupiga nyumbani ndipo alipojua. Upande wa kushoto, sauti yake mwenyewe ilikwenda mpaka mwisho, nzito, imejiamini. Upande wa kulia, Epifania aliimba "siku yako ikifika", kisha akaacha. "Usigeuke nyuma, sisi tupo", maneno hayo aliyasema mume peke yake, akidhani wako wawili. Kulia lilibaki gitaa kwa mbali, na chini ya gitaa, kwa mtu aliyekaa mahali pake chumba kikiwa kimetulia, zilisikika pumzi. Pumzi fupi fupi za mtu aliyeshika dirisha. Maiki ilizidaka kwa sababu alikuwa ameinamia pale pale.

Mvua zilizofuata hazikumkuta. Mtoto akachukuliwa na Lusia, mdogo wa marehemu, aliyeolewa Buseresere. Telesphori akashuka Shinyanga kutafuta maisha na spika zake. Miaka ikapita kwa namna inavyompita mtu anayeburudisha wenzake: kila Jumamosi yuko katikati ya furaha ya watu, na kila Jumapili anakunja nyaya. Alifika Buseresere mara chache kwa mwaka, amebeba viatu vya shule ambavyo kila mara vilikuwa vimeshakuwa vidogo. Mtoto alimwamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa padri.

Kaseti ilipoanza kuchakaa aliihamishia kwenye flash, kushoto kukabaki kushoto, kulia kukabaki kulia. Ukiziunganisha pande hizo, sauti ya fahali ingezifunika zile pumzi zisisikike tena, na msikilizaji angedhani wote wawili wameimba mpaka mwisho. Hii ndiyo siri ya plasta. Picha za Epifania alikuwa nazo, kanga mbili pia, lakini picha haipumui.

Jirani yake, Loveness, ambaye kila mtu alimwita Mama Nelly, aliishi nyuma ya ukuta wa kulia.

"Baba Evelina," alimwambia siku moja akianika nguo, "huo wimbo wako una kasoro. Kwangu anaimba mama peke yake. Anajibu, anajibu, sijui anamjibu nani. Halafu mwishoni anakimbia."

"Hakimbii."

"Basi anakwenda wapi?"

Telesphori akachukua ndoo yake akaingia ndani. Mama Nelly akabaki na kibanio mdomoni, akijiuliza amekosea wapi.

*

Evelina alipiga simu mwezi wa Saba, watu wamemaliza kuvuna na harusi zimeanza.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, ile siku yetu na Fredy imeshapangwa. Misa asubuhi, sherehe mchana, kwao Kharumwa. Baba mkubwa wa Fredy ameweka turubai kubwa."

"Vizuri. Muziki nitaleta mimi."

"Ndiyo. Ila…" Akasita. "Ma'mdogo Lusia ananiambia mna wimbo wenu, wewe na mama. Nataka upigwe. Sijawahi kumsikia mama, baba. Hata kuongea tu."

Telesphori alisimama na simu sikioni akitazama spika ya kulia. Kwa nini hakuwahi kumpa? Alikuwa akijiambia mtoto bado mdogo. Kisha akajiambia mtoto yuko shule, ataumia bure. Kisha akaacha kujiambia lolote. Wimbo ule ulikuwa na nafasi ya kiti kimoja, na kiti hicho alikuwa amekikalia yeye.

"Utapigwa," akasema.

Tangu siku hiyo alikuwa na picha moja kichwani. Turubai, watu wamejaa pande mbili, na mbele kabisa meza ya maharusi, katikati. Evelina ameketi pale. Baba yake anaimba kutoka mkono wa kushoto, mama yake anajibu kutoka mkono wa kulia, naye yuko kati yao, kama mtoto anayetembezwa huku kila mzazi ameshika mkono wake mmoja. Watakaokaa pembeni na wasikie watakachosikia. Huu ulikuwa wimbo wa mtu mmoja, na mara hii aliye katikati hangekuwa mbuzi.

Alisafiri na Stanslaus, vyombo juu ya kirikuu, kupitia Kahama na barabara ya vumbi. Mashamba yalikuwa makavu, mabua yamelala, na huku na kule vilima vya udongo mweupe uliotolewa chini ya ardhi na watu wanaotafuta dhahabu. Stanslaus alijaribu mizaha kadhaa, ikaanguka. Mwishowe akalala mdomo wazi.

Asubuhi ya harusi, wengine wakijiandaa kwenda kanisani, Telesphori alifunga muziki. Mabula, baba mkubwa wa bwana harusi, alifika kumsimamia. Alikuwa mzee wa Kisukuma mnene, mwenye fimbo na kofia ya pama.

"Mwangaluka, mkwe."

"Mwangaluka, mzee."

"Hizo spika ni mbili. Moja ni yetu, siyo?"

"Ni za wote, mzee. Ningependa niziweke zote mbele, karibu na meza."

"Aa, aa!" Mabula akatikisa fimbo. "Mwaka jana mwenye muziki mmoja alifanya hivyo. Ndugu zangu waliokaa nyuma wakasema wamenyimwa muziki, wakaondoka na zawadi zao. Upande wetu spika yetu, upande wenu spika yenu. Ndiyo heshima."

Na kweli, kwenye harusi za huku ndivyo ilivyo. Spika ni kama sahani. Kila ukoo unataka kuiona imewekwa mbele yake. Telesphori hakubisha. Ya kushoto akaisimamisha katikati ya viti vya kina Mabula, ya kulia katikati ya viti vya watu wa Ushirombo na Buseresere. Meza ya maharusi ilikuwa katikati bado. Picha yake ilikuwa haijavunjika. Akaweka flash, jenereta likanguruma nyuma ya nyumba, akapiga wimbo kuujaribu.

Upande wa bwana harusi kulikuwa na wazee na vijana wakipanga viti. Kwao ilitoka sauti ya mwanamume, kubwa, ikiuliza.

"Njia hii ni ndefu, mwenzangu." Kimya na gitaa. "Na mvua ikikatika?" Kimya na gitaa.

Mabula akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akawageukia ndugu zake. "Jamani, hawa wa Ushirombo wametuletea mwanamume anayejiuliza maswali mwenyewe! Mjibuni basi, masikini!"

"Maji yapo kisimani" ilisemwa, lakini ilisemwa ng'ambo, mbali nao. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mvua ikikatika tutauza ng'ombe, mzee!" Wakacheka, na hawakuwa na nia mbaya. Telesphori alicheka nao kidogo. Hakuinua macho kutoka kwenye miksa.

Ng'ambo, chini ya spika ya kulia, Lusia alikuwa amesimama na kitambaa cha kupambia meza mkononi. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto. Hakuwa amesikia sauti ya dada yake tangu walipomzika. Midomo yake ikawa inafuata maneno. Ubeti wa mwisho ukafika. "Nawe Evelina, siku yako ikifika…"

Lusia akangoja. Akatazama spika. Akaigusa kwa kiganja.

Akaja moja kwa moja mpaka kwenye miksa. "Shemeji, mbona amenyamaza?"

"Hajanyamaza. Pumzi zilimwishia."

"Siku ile ile mliporekodi?"

"Siku ile ile. Mimi nilikuwa nyuma ya godoro, sikumwona." Telesphori alisema kwa haraka, kama mtu anayetoa mwiba. "Lakini ukisikiliza vizuri anapumua pale, Lusia. Yupo. Unamsikia kabisa. Nataka Evelina amsikie akiwa hai hivyo."

Lusia alikikunja kitambaa mkononi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyelea watoto wake na wa dada yake, na hakuwahi kumlaumu shemeji yake kwa lolote, jambo ambalo lilimuumiza Telesphori kuliko lawama.

"Wewe unamsikia chumbani kwako, mlango umefungwa," akasema polepole. "Hapa kuna jenereta, kuna watoto, kuna hawa wazee wa Fredy. Mtoto hatasikia pumzi. Atasikia jina lake limetajwa, halafu mama yake ameacha. Siku ya harusi yake."

"Nikate ubeti huo?"

"Ndio ubeti wake."

Lusia akarudi kwenye meza zake. Kengele ya kanisa ilisikika kwa mbali, watu wakaanza kwenda misani makundi makundi.

Stanslaus alikuwa amekaa juu ya boksi la nyaya, ameyasikia yote. Telesphori hakumgeukia alipouliza, "Wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Alifanyaje?"

"Alishika dirisha. Akanitazama, akanifanyia hivi." Stanslaus akazungusha kidole hewani, ishara ya wanakwaya ya kusema endelea. "Ungetaka niache kupiga?"

"Hapana."

"Alitaka ufike mwisho, bwana. Ndicho alichotaka. Ukifika wewe, amefika."

Jogoo wa Mabula alipita chini ya meza ya maharusi, akasimama pale katikati, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaenda zake. Siku nyingine Stanslaus angepata hapo utani wa mwezi mzima. Safari hii aliuacha upite.

Telesphori alibandua plasta. Ilitoka vipande vipande, gundi imekauka, na chini yake kitufe kilikuwa cheupe kama siku kilipotoka dukani. Akakibonyeza.

*

Mchana turubai lilijaa. Evelina aliingia na Fredy wakicheza taratibu, akinamama wakatandaza kanga chini wapite juu yake, vigelegele vikapanda. Telesphori alimtazama binti yake kutoka nyuma ya miksa, kama alivyotazama mabinti wa watu miaka yote, na kwa kitambo akasahau kwamba huyu ni wa kwake. Kisha Evelina akageuza shingo kidogo kutafuta kitu, na shingo ile ilikuwa ya Epifania.

Baada ya ndafu, mshereheshaji akasema wazazi wa bibi harusi wana neno lao. Watu wakageuka kumtafuta mama. Telesphori akapiga wimbo.

Ukatoka pande zote mbili kwa pamoja. Upande wa Mabula walimsikia mwanamume akiuliza, na mara hii wakasikia anajibiwa. "Aaa!" wakasema wazee. "Kumbe ana mke!" Upande wa pili walimsikia Epifania, na wale wa Ushirombo waliomjua wakashika midomo. Kufikia ubeti wa tatu turubai lilikuwa limegawanyika lenyewe bila kuambiwa: wanaume wanauliza na Telesphori, wanawake wanajibu na Epifania, na Mabula amesimama anawaongoza kwa fimbo kama mwenye kwaya.

"Nawe Evelina, siku yako ikifika, usigeuke nyuma, sisi tupo."

Telesphori aliinamisha kichwa pale pale alipokizoea. Alimtafuta. Akatega sikio kushoto, akatega kulia. Kila upande ilikuwa sauti ile ile, yake, pana, imejaa watu ndani, inakwenda mpaka mwisho bila mkwaruzo. Mkewe hakuwepo. Hata ile nafasi aliyoiacha haikuwepo. Watu zaidi ya mia walikuwa wanaimba wimbo wake na yeye alisimama katikati yao kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umejengwa ukuta.

Evelina alikuwa analia na kucheka. Aliinuka, akakusanya gauni lake mikononi, akaja mpaka nyuma ya miksa mahali ambapo maharusi hawafiki, penye nyaya na boksi na harufu ya mafuta ya jenereta. Akamkumbatia baba yake. Hawakuwa wamezoea. Maua ya kichwani yalimchoma Telesphori shavuni, naye hakuyasogeza.

"Baba, mama alikuwa na pumzi!" akamwambia sikioni. "Ma'mdogo alisema alikuwa anaumwa, nikadhani atakuwa na sauti ndogo. Kumbe aliimba mpaka mwisho."

Lusia alikuwa anawatazama kutoka kwenye viti.

"Alikuwa hivyo," Telesphori akasema.

"Utanipa niwe nao kwangu?"

"Nimeshakuandalia." Akatoa flash mfukoni, mpya, aliyoihamishia wimbo watu walipokuwa kanisani, kitufe kikiwa chini. Evelina angeweza kuupiga kwenye redio, kwenye simu, kwenye spika mbili au kumi, na popote angekaa, kushoto au kulia, angewasikia wazazi wake wawili wakifika pamoja. Ule mwingine, wa pande mbili, hangeusikia kamwe.

Aliibusu ile flash, akaitia ndani ya gauni upande wa moyo, akarudi kwa mumewe. Akiwa njiani hakugeuka nyuma.

*

Telesphori alifika Kambarage siku ya pili yake, jua likiwa bado juu. Alishusha vyombo, akampa dereva mkono, akamshukuru Stanslaus aliyetaka waende wote wakale na akakubali kwa shida kwamba hawaendi. Akafagia. Akazirudisha spika mahali pake, moja ukuta wa kushoto, nyingine ukuta wa kulia, akavuta kiti katikati.

Kitufe kilikuwa bado chini. Alikaa akikitazama muda mrefu. Angeweza kukiacha hivyo. Angeweza naye kuwa na wimbo ule walioondoka nao watu wa Kharumwa, wimbo usio na dosari, wa mume na mke waliofika. Alijaribu hata kuupiga mara moja. Chumba kikajaa sauti yake mwenyewe, na hakikuwahi kuwa kitupu kiasi kile.

Akakibonyeza kikapanda. Akaanza upya.

Epifania akarudi upande wake, karibu na dirisha. Akajibu kila alipoulizwa. Njia ni ndefu, lakini tuko wawili. Maji yapo kisimani. Nawe Evelina, siku yako ikifika. Kisha kulia kukawa kimya, na Telesphori akageuza uso kuelekea huko.

Ukuta ukagongwa. "Baba Evelina!" Ilikuwa Mama Nelly. "Karibu nyumbani! Harusi ilikwendaje?"

"Ilikwenda vizuri!"

"Haya! Ila huku kwangu mama ameacha tena! Spika imeharibika au?"

"Haijaharibika," akajibu, na hakusema zaidi, maana pumzi zilikuwa zinapita, na zilikuwa chache.